Uso wa Eunike kwenye Vibao vya Thika

Thika, Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Damari,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mdogo wako Zakaria ni mzima wa afya. Mafua yamekwisha, lile jino la nyuma nimeling'oa, na chakula napata, kwa hiyo usimwambie mama kwamba nimekonda. Na ninyi je? Mguu wako umepoa, au bado unakwenda nao kisimani kwa ukaidi? Shemeji kikohozi chake kimepungua? Mama bado amenuniana na jirani kwa ajili ya yule mbuzi? Nakuuliza haya yote kwa sababu barua yako ya mwisho haikunipa habari ya afya ya mtu hata mmoja. Umeandika mistari miwili tu: "Zakaria, nimeambiwa una mwanamke Ruiru. Eunike umemsahau mapema hivyo?" Halafu jina lako. Hata "wako akupendaye" umeninyima.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko unavyofikiri. Mwanzoni nilikasirika, nikaanza jibu la ukali. Nilipofika ukurasa wa pili nikaona najibu mambo ambayo hukuuliza, nikaichana. Basi nakujibu sasa kwa upole, na nakuomba uisome yote kabla hujamwita shemeji aje asikie.

La kwanza: ni kweli. Anaitwa Rasoa, ni mtu wa Maragoli, mjane, na anaishi kwa kaka yake ambaye ni mfanyakazi wa reli pale stesheni ya Ruiru. Haishi na mimi. Aliyekuletea maneno amekupikia na chumvi yake. Lakini nataka kumwoa, hilo sifichi.

La pili: sitamwoa mpaka wewe uridhie. Nimekwisha kumwambia hivyo yeye mwenyewe, na amekubali kungoja. Mama ameniandikia kwamba atasema utakalosema wewe. Baba hayupo. Na hata angekuwepo, Eunike alikuwa shoga yako kabla hajawa mke wangu, wewe ndiye uliyenipelekea posa, na wewe ndiye uliyemwogesha miezi ile ya mwisho alipokuwa hawezi kuinua mkono wake. Ukisema hapana, itakuwa hapana, na sitakununia. Labda kidogo.

Sasa hili la kumsahau. Hapo, Dada, umenionea, ila si kosa lako, kwa sababu hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Ngoja nikueleze kwa njia ya kazi yangu.

Nilipokuja huku miaka minne iliyopita, mwezi mmoja baada ya mazishi, nilikuwa na brashi tatu na jina la mtu kwenye karatasi. Mtu huyo ni Bwana Premji, Mhindi mwenye duka la vitambaa katika barabara kubwa ya Thika. Alinipa kibao kimoja niandike, akaridhika, akanipeleka kwa binamu yake, binamu akanipeleka kwa shemeji yake, na mpaka leo sijawahi kukaa wiki nzima bila kazi. Herufi zangu zinasifiwa. Hapa Thika na kule Ruiru ukiona "S" iliyosimama wima bila kulewa, ujue ni yangu.

Lakini wenye maduka hawataki herufi peke yake. Wateja wengi hawasomi, kwa hiyo kila mmoja anataka na picha, na picha wanayoitaka wote ni mwanamke. Mwenye chai anataka mwanamke na kikombe, mwenye sabuni anataka mwanamke anafua. Mimi nilifanya walivyonifundisha wazee wa kazi. Nilichora umbo la mwanamke mmoja kwenye karatasi ngumu ya kaki, nikaitoboatoboa kwa sindano kufuata mistari. Ukiibandika ukutani na kuipigapiga kwa kitambaa chenye unga wa makaa, unga unapenya kwenye vitundu, na ukiiondoa unakuta umbo limekwisha kaa. Kazi ya siku mbili unaifanya kwa asubuhi moja. Kwa mwenye chai nikamtia kikombe mkononi. Kwa mwenye sabuni, kikombe kikageuka kipande cha sabuni. Kwa fundi cherehani nikamketisha, kwenye kinu cha kusaga mahindi nikamtwika gunia, na mpaka kwa kinyozi nikamweka, kwa sababu mwenyewe alitaka mwanamke na mimi sikutaka ubishi. Kati ya Thika na Ruiru nilikuwa na wanawake saba.

Karatasi ile, kumbuka, ni ya mwili tu. Uso hauna vitundu, nauchora kwa mkono, mwisho kabisa. Hili nilikuwa nalijua, lakini nilijifanya silijui.

Kabla sijaendelea nikuambie kidogo juu ya watu wa huku, maana utasikia habari zao redioni nusunusu. Ile hali ya hatari bado haijaondolewa. Wakikuyu hawatembei bila vyeti, na wengi wametolewa mashambani kwao wakawekwa kwenye vijiji vipya vyenye handaki kuzunguka. Waume wengi wamefungwa kambini. Mimi nikisimamishwa na askari hutazama cheti changu, akaona mtu wa pwani, akatazama mikono yangu iliyojaa rangi nyekundu, akatazama tena cheti, kisha akaniachia. Nashukuru Mungu, lakini si jambo la kujivunia kuachiwa wakati jirani yako amechuchumaa chini mikono kichwani. Pale kwenye kinu wanaopanga foleni karibu wote ni akina mama. Nilipokuwa namalizia uso wa yule mwenye gunia, mama mmoja aliacha foleni, akaja akasimama nyuma yangu muda mrefu. Mwishowe akasema, "Huyu anajua." Nikamuuliza anajua nini. Akarudi kwenye foleni.

Mimi nikafikiri amesifu gunia.

Sasa mwezi uliopita ilikaribia sikukuu ya Wahindi, ile ya taa. Bwana Premji akaniita, akanipa ubao mpya wa kuwekwa juu ya mlango wa duka, akaniambia nimchore Laxmi, mungu wao wa kike, ambaye kwao ndiye anayeleta heri nyumbani. Tafadhali usinishtaki kwa padri. Nimeandika herufi za msikiti, nimepaka rangi mlango wa kanisa la Wakatoliki, na sijawahi kubadili dini kwa ajili ya kibao. Alinipa kalenda ya kunakili, yenye picha ya Laxmi ameketi juu ya ua, amevaa nyekundu, mikono minne. Nilifurahi mno kupata kazi hiyo. Mikono minne si mchezo, na mafundi wa Nairobi hupenda kujigamba kwamba sisi wa Thika hatuwezi hata miwili.

Nilikata karatasi mpya, nikatoboa, nikapiga makaa, nikapaka. Ua likatoka vizuri. Mikono ikatoka, yote minne, kila mmoja na vidole vyake. Uso nikaumaliza siku ya nne, nikaosha brashi, nikawaita waje waone.

Aliyetoka kwanza ni mama yake Bwana Premji. Ni kizee kifupi, anavaa nyeupe tupu kwa sababu ya ujane, na pale nyumbani neno lake ndilo la mwisho. Alivaa miwani, akatazama ubao, akavua, akaifuta, akavaa tena.

"Hii nani?"

"Ni Laxmi, Mama. Kama kwenye kalenda."

"Kalenda hapana lia," akasema. "Hii nalia."

Nikamwonyesha kalenda, nikamwonyesha karatasi ya vitundu, nikamweleza habari ya makaa. Hakutazama hata kimoja. Alinitazama mimi usoni.

"Fundi. Kwako nani nakufa?"

Dada, miaka minne hakuna mtu wa huku aliyeniuliza swali hilo. Nilimjibu, "Hakuna mtu, Mama." Nilisema uongo mbele ya kizee, mchana kweupe. Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Baadaye Bwana Premji akanijia. Si mtu mbaya, lakini ana mama. "Fundi, mama yangu nakataa kabisa. Huyu naleta heri, sasa nalia juu ya mlango yangu, mteja gani naingia? Sikukuu bado siku sita. Kama wewe hapana weza, sema tu, mimi naita fundi ya Nairobi."

Ya Nairobi! Hapo ndipo aliponichoma. Nikamwambia naweza. Nikaupiga ule uso msasa, nikaanza upya. Mara ya pili akatoka Eunike amevaa bangili. Nikapiga msasa tena. Mara ya tatu akatoka Eunike aliyekasirika kwa kuvishwa bangili. Nilikaa chini pale uani nikatazama ubao, na kwa mara ya kwanza nikaliona lile ambalo kila mtu alikuwa analiona. Yalikuwa ni yale macho ya siku za mwisho, unayakumbuka, yalivyokuwa yanatazama pembeni kidogo, penye ukuta, ili sisi tusione kwamba anaumia. Mashavu yale yaliyoingia ndani. Hata kichwa nilikuwa nakilaza kwenye bega, namna alivyokuwa akikilaza kwenye mto.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuumbuliwa na kifo, nimeumbuliwa na vibao vya sabuni.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, nikapanda treni kwenda Ruiru kwa Rasoa. Hapa lazima nikueleze nilivyomjua. Ana kibanda cha chai karibu na stesheni, na mwaka jana aliniita nimwandikie kibao. Nilipotoa ile karatasi yangu ya mwanamke na kikombe, akaweka birika chini.

"Fundi, hiyo mama yako mimi sitaki kwa hoteli yangu. Niandikie kikombe peke yake."

Nikamwambia bila mwanamke kibao hakipendezi. Akasema, "Basi kikombe ikae peke yake, haitakufa." Nikachora kikombe peke yake, nikiwa nimenuna, na nikarudi wiki iliyofuata kukitazama kama kimekauka, na wiki iliyofuata tena. Rangi ya kibao hukauka kwa siku mbili, Dada. Mimi niliikagua miezi mitatu.

Ana sauti kubwa, anaimba nyimbo za kwao huku akikanda unga, na hanionei haya. Nikizidisha sifa za herufi zangu ananiambia ninywe chai. Kwake nilianza kula nikasikia ladha. Sikuwahi kumwambia habari ya Eunike, na yeye hakuwahi kuuliza, ingawa yeye aliniambia ya mumewe, aliyefariki huko kwao.

Jumamosi hiyo nikamuuliza, "Kwa nini ulimkataa yule mwanamke wangu?"

Alikuwa anaosha vikombe. Hakuacha kuosha. "Kwa sababu mimi naona huyo mama kila mahali. Naona yeye kwa kinu, naona yeye kwa sabuni, kwa fundi ya nguo, mpaka kwa kinyozi. Kwa kinyozi anafanya nini? Na kila mahali ni mgonjwa. Mimi nikasema, huyu fundi iko na mgonjwa nyumbani, na anamwambia kila siku abebe kikombe, abebe gunia. Wacha alale, maskini."

Nilicheka. Halafu nikalia palepale, mbele ya wateja wawili wa shamba la kahawa waliokuwa wanakunywa chai yao kwa amani. Wakaondoka na vikombe nje. Nikamwambia yote. Jinsi kifua kilivyomwanza, ile safari ya hospitali, ulivyokuwa unamwogesha, na mimi nilivyokuwa naketi kando ya kitanda namtazama usiku na mchana kwa sababu hakuna lingine nililoweza kufanya. Nikamwambia kwamba naona nikianza kuchora uso mwingine nitakuwa nimemwacha peke yake. Hilo sikujua kama nalifikiri mpaka niliposikia limetoka mdomoni mwangu.

Rasoa akafuta mikono. Nilidhani atanipa pole. Badala yake akauliza, "Alikuwa anachekea nini?"

"Nani?"

"Huyo bibi yako. Mbele ya kuugua. Nini ilikuwa inamchekesha?"

Damari, nilikaa pale nikitafuta. Nilijua kwamba alikuwa mcheshi, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika, lakini uso wake unaocheka haukuwepo. Nilikuwa nimetazama kile kitanda kwa bidii hivi kwamba kilikuwa kimefunika miaka saba yote iliyotangulia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Wewe unaniuliza kama nimemsahau. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba nimemsahau, na nilimsahau kwa kumlilia.

Rasoa hakunisukuma. Alinipa mkate, akasema, "Itarudi. Wewe usiifukuze tu." Nikarudi Thika na treni ya jioni.

Jumanne nilikuwa juu ya ngazi mbele ya duka, napaka rangi kwenye fremu ya mlango, maana uso wa Laxmi nilikuwa naukwepa. Njiwa akaingia dukani. Akapita juu ya vichwa vya wateja, akatua kwenye rafu ya juu kabisa juu ya majora ya vitambaa, akaanza kuyakagua kana kwamba amekuja kununua. Bwana Premji akachukua kile kijiti chake cha kupimia kitambaa, akapanda juu ya kaunta na soksi. Anapiga huku, njiwa yuko kule. Jora moja likaanguka, kitambaa kikajikunjua kutoka ndani mpaka barabarani, mama mmoja wa Kikuyu akakidaka upande wa pili, akasema, "Mhindi, hii unauza ama unatandikia njiwa?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka juu ya ngazi mpaka ngazi ikacheza, na katikati ya kicheko hicho akaja jogoo wako.

Unamkumbuka? Usiseme humkumbuki, maana hukutoka nje wiki mbili kwa aibu. Siku ya mavuno, ulipoleta jogoo kwa sadaka na fundo ulilifunga mwenyewe kwa sababu hukutaka kusaidiwa. Padri anasema "Tuombe," watu wameinama, fundo likafunguka, jogoo akapaa mpaka kwenye mimbari, akasimama juu ya Biblia, akawika. Wote walijikaza isipokuwa msichana mmoja wa kwaya. Alicheka mpaka yule mama mzee wa kanisa akamshika mkono akamtoa nje, na nje akacheka zaidi, akaketi chini kwenye mchanga na nguo zake nyeupe za kwaya, mkono mdomoni, kwa sababu alikuwa anauonea haya mwanya wake. Mimi nilikuwa dirishani. Nilikuuliza siku ileile, "Yule ni nani?" Nawe ukasema, "Yule ni rafiki yangu, na kama amenicheka hivyo sitamsemesha tena." Mwezi uliofuata ukampelekea posa yangu.

Nilimwona, Dada. Nilimwona mzima, mchanga miguuni, machozi ya kicheko mashavuni. Na nyuma yake wakaja wengine: Eunike anakuiga unavyotembea, Eunike anagombana na mama juu ya chumvi, Eunike ananikata nywele vibaya kisha anakataa kunipa kioo. Wote walikuwepo muda wote. Walikuwa wanangoja nimalize kilio wapite.

Nilishuka ngazi nikaenda nyuma ya duka, nikalia mpaka nikashiba. Halafu nikanawa, nikachukua ule ubao, na uso wa Laxmi nikaumaliza kwa asubuhi moja. Si uso wa Eunike, wala si wa Rasoa, kama unavyotaka kuuliza. Ni uso wake mwenyewe, ametulia, anatazama mbele, pale mteja anapoingilia. Mkono wangu haukubishana nami hata mara moja. Zamani nilidhani mkono ni mkono, ukiufundisha umefundishika, na moyo ukae kando usubiri kazi iishe. Kumbe moyo ndio ulioshika brashi miaka yote, na mimi nilikuwa mbeba kopo.

Mama yake Bwana Premji alipotoka alivaa miwani, akautazama ubao mara moja tu. Kisha akauliza tena, kama ilivyokuwa mara ya kwanza, "Fundi, kwako nani nakufa?"

"Mke wangu, Mama."

"Mimi bwana yangu. Zamani sana." Akaingia ndani akatoka na sahani ya vitamu vyao vya maziwa. "Hii nakaa mlangoni. Wewe kula." Akasimama pale kuhakikisha kwamba nimekula vyote. Ubao uko juu ya mlango sasa, na fundi wa Nairobi hakuitwa. Hilo nililitaja kwa Bwana Premji mara mbili tatu, mpaka akaniomba ninyamaze.

Basi nikafikiri niende nikawafute wale saba niwachore upya, nimpumzishe. Mwenye chai akakubali, wa sabuni akakubali, kinyozi naye nikamchorea mkasi. Nilipofika kwenye kinu na ngazi yangu, akina mama wa foleni wakanizuia. Yule aliyesimama nyuma yangu siku ile akashika ngazi yenyewe. "Fundi, wacha huyo. Huyo anangoja pamoja na sisi. Wakirudi watu yetu, kuja umchekeshe." Nilishusha ngazi, na Eunike yuko pale mpaka leo na gunia lake. Nadhani hatakasirika. Alikuwa hapendi kumwacha mtu peke yake kwenye foleni.

Huo ndio utetezi wangu, Dada. Furaha haikunisahaulisha Eunike. Nilipoanza kufurahi ndipo niliporudishiwa. Najua hili si rahisi kwako kulipokea, kwa sababu wewe ulimwona akitazama ukutani kila siku kama mimi, na huko hukupata njiwa wala kizee cha kukuuliza. Labda na wewe umebaki na uso wake mmoja tu. Ndiyo maana sikuombi unijibu upesi.

Mwalimu Eliya, jirani yetu wa kanisani hapa, anakuja pwani kwa likizo, na ndiye aliyebeba barua hii. Amebeba pia kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha buluu. Ndani kuna kipande cha ubao, si kikubwa. Nimemchora ameketi kwenye mchanga na nguo za kwaya. Mkono nimeuondoa mdomoni, anisamehe. Rasoa ndiye aliyekifunga. Kabla hajafunga alimtazama muda mrefu, akasema, "Kumbe alikuwa hivi. Na wewe unanionyesha mgonjwa tu miaka yote." Akakunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, ili rangi isikwaruzwe njiani. Mtazame wewe kwanza, kabla ya mama, kabla ya mtu yeyote. Kama si yeye, nitajua kwamba nimejidanganya, na utaniambia.

Nisalimie mama, mwambie sweta niliyomwahidi inakuja. Nisalimie shemeji, na wajomba wote wawili, yule wa mnazini na yule wa bandarini, na bibi mzaa mama, umsomee hapa penye jogoo kwa sauti maana hasikii vizuri. Mama yake Eunike mpelekee salamu zangu za heshima kwa mkono wako mwenyewe, usimtume mtu. Mchukulie na ubao auone, ukiona inafaa.

Rasoa naye anakusalimu. Alitaka kuongeza mstari wake hapa chini, akashika kalamu, kisha akaniuliza akuite nani. Nimemwambia jina hilo mimi siwezi kumpa. Ameweka kalamu chini, anangoja. Ukiona anafaa, mwandikie yeye, si mimi, na uanze na neno "Wifi."

Ndimi mdogo wako,
Zakaria